Chuo chenye jina au deni dogo? Mwongozo kamili wa kupima shahada ya uzamili ya nje kabla ya kusaini mkopo

Mwongozo huu unamhusu Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyedahiliwa kusoma shahada ya uzamili katika chuo chenye jina kubwa Marekani au Uingereza, akaambiwa sehemu kubwa ya fedha atafute mwenyewe, na huku ana nafasi nyingine ya bei nafuu: chuo cha jimbo kilichompa kazi ya usaidizi wa utafiti, chuo cha umma Ujerumani, au hapa hapa nyumbani, Muhimbili, Nairobi au Makerere.

Jina la chuo lina thamani, na anayesema halina maana anakudanganya. Ila thamani hiyo inategemea nani atakulipa mshahara, katika nchi gani na kwa fedha gani. Deni halitegemei hata kimoja kati ya hivyo. Litakuja kila mwezi, uwe umepata kazi Washington au umerudi Dodoma. Ndiyo maana hesabu inafanywa kabla ya kusaini, kwa mpangilio ufuatao. Jioni nne au tano zinatosha ukiwa na kikokotoo na barua zako za udahili mezani.

Hatua ya 1: Tafuta gharama halisi, siyo ada

Wengi huanza na ada, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Kwa chuo cha Marekani, anza na makadirio ya gharama yote ya mwaka, kiasi ambacho chuo hukiandika kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa ya kuombea viza. Humo mna ada, tozo za chuo, bima ya afya, nyumba, chakula, vitabu na usafiri. Kisha angalia maandishi madogo: makadirio hayo ni ya miezi 9 au 12? Vyuo vingi huhesabu miezi 9 tu, ilhali mwenye nyumba anadai kodi miezi yote 12. Kwa programu ya miaka 2, kiangazi kimoja kisichohesabiwa kinaweza kukumeza dola elfu kadhaa ambazo hukuzipangia.

Baada ya hapo ongeza yasiyomo: ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, ada ya viza dola 185, tiketi ya ndege, na fedha za kuingilia nyumba, ambazo kwa kawaida ni kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya kiasi kama hicho. Gharama za mwaka wa pili zipandishe kwa asilimia 4 hivi, kwa sababu ada na kodi hazikai palepale.

Uingereza kozi nyingi za uzamili ni za mwaka mmoja, jambo linalopunguza gharama sana, lakini tozo ya huduma za afya hulipwa yote kabla ya viza. Kiwango cha mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka huongezewa miezi michache mwishoni, utalipishwa mwaka mmoja na nusu: pauni 1,164. Tena, tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Mwenye familia anaendesha nyumba mbili mwaka mzima, na gharama ya nyumba ya pili nayo iandike.

Ujerumani inaitwa bure, na karibu ni kweli. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila mchango wa muhula wa euro mia kadhaa. Lakini jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kimeanza kuwatoza nacho. Juu ya hayo, viza inadai akaunti iliyofungiwa yenye euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, ziwepo kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 2: Ichambue barua ya msaada wa fedha mstari kwa mstari

Barua hizi huandikwa kwa lugha tamu, na vitu visivyofanana hupangwa safu moja. Pita na kalamu uvitenge.

Ruzuku ni fedha isiyorudishwa. Uliza mambo mawili kwa maandishi: ni ya mwaka wa kwanza tu au ya miaka yote, na inakatwa ukishuka chini ya wastani gani wa alama. Jibu la "kwa kawaida huendelea" si jibu. Omba sentensi inayosema itaendelea.

Kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu mara nyingi huja na msamaha wa ada na posho ya kila mwezi. Uliza kama msamaha unagusa tozo pia, kwani tozo zinaweza kuzidi dola elfu moja kwa mwaka, na uliza bima ya afya inalipwa na nani. Kumbuka posho hukatwa kodi.

Kuna pia "fursa za kazi chuoni". Hiyo si fedha, ni ruhusa ya kutafuta kazi. Mwenye F-1, viza ya kusomea Marekani, anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo, na mapato yake yanatosha chakula na nauli, hayatoshi ada. Usiyaweke upande wa mapato mpaka uwe na mkataba.

Halafu mkopo. Barua nyingine huujumlisha mkopo kwenye "msaada wote" kana kwamba ni zawadi. Ufute hapo, uuhamishie upande wa gharama.

Sasa pengo lako ni gharama yote, kutoa ruzuku, kutoa posho iliyothibitishwa, kutoa akiba yako. Ahadi za harambee zihesabu zikishaingia kwenye akaunti. Mjomba aliyesema "tutaona" hajatoa kitu bado, na hilo si kumkosea heshima.

Hatua ya 3: Geuza pengo kuwa rejesho la mwezi

Deni la dola 60,000 halieleweki kichwani. Rejesho la mwezi linaeleweka. Kwa mkopo wa miaka 10, kila dola 1,000 unayodaiwa inazaa rejesho hili la mwezi:

riba asilimia 8: dola 12.13
riba asilimia 10: dola 13.22
riba asilimia 12: dola 14.35
riba asilimia 14: dola 15.53

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki asiye na mdhamini Marekani hukopa kwa kampuni binafsi kama MPOWER Financing au Prodigy Finance, zinazokopesha wanafunzi wa vyuo vilivyo kwenye orodha zao bila kudai mdhamini. Riba za mikopo ya aina hii mara nyingi ni za tarakimu mbili. Chuo chako kuwa kwenye orodha ya mkopeshaji si ushahidi kwamba shahada yako italipa. Mkopeshaji anapima uwezekano wa yeye kurudishiwa fedha zake. Maisha yako unayapima wewe.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Unakopa dola 30,000 mwaka wa kwanza na 30,000 mwaka wa pili, riba asilimia 12 isiyobadilika, na unaanza kulipa miezi 6 baada ya kumaliza. Riba haikusubiri. Fungu la kwanza limekaa miezi 30, limezaa dola 9,000. La pili limekaa miezi 18, limezaa dola 5,400. Siku ya rejesho la kwanza hudaiwi 60,000, unadaiwa 74,400. Rejesho lako ni dola 1,067 kwa mwezi kwa miaka 10, na mpaka unamaliza utakuwa umetoa karibu dola 128,000.

Wapo wakopeshaji wanaodai riba ilipwe kila mwezi ukiwa bado darasani. Deni halivimbi, ndiyo, lakini katika mfano huu unatakiwa utoe dola 300 kwa mwezi mwaka wa kwanza na dola 600 mwaka wa pili, kutoka kwenye ile kazi ya saa 20. Wengi hukwama hapa, muhula wa tatu, wakati kuacha shule nako ni hasara.

Kisha geuza kwa shilingi, na usitumie kiwango cha leo peke yake. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Miezi michache baadaye ilirudi karibu 129. Aliyekuwa analipa dola 1,000 kwa mwezi kutoka kwenye mshahara wa Nairobi aliona rejesho likipanda kutoka shilingi 113,000 hadi 160,000, na mshahara haukusogea. Pale Tanzania nayo dola ilipanda kutoka karibu shilingi 2,300 mwaka 2022 hadi zaidi ya 2,700 mwaka 2024 kabla ya kushuka. Fanya hesabu mara mbili: kwa kiwango cha leo, na kwa kiwango hicho ukiongeza asilimia 25. Ikiwa ya pili inakuvunja, mkopo huo hauna nafasi ya kupumua.

Hatua ya 4: Tafuta mshahara wa kweli wa mtu kama wewe

Serikali ya Marekani ina tovuti iitwayo College Scorecard inayoonyesha, kwa kila chuo na kila fani, deni la kati na kipato cha kati cha wahitimu. Itumie, lakini jua inahesabu waliopata msaada au mkopo wa serikali yao. Mwanafunzi wa kimataifa hayumo. Takwimu zile zinakuonyesha mhitimu Mmarekani anayeruhusiwa kufanya kazi popote, na wewe huna ruhusa hiyo.

Hata hivyo zinafumbua macho. Mwaka 2021 gazeti la The Wall Street Journal lilichambua takwimu za serikali likaonyesha kwamba wahitimu wa uzamili wa filamu wa Columbia waliokopa serikalini walikuwa na deni la kati la dola 181,000, na miaka 2 baada ya kuhitimu nusu yao walikuwa wanapata chini ya dola 30,000 kwa mwaka. Columbia ni miongoni mwa majina makubwa kabisa duniani. Jina halikuilazimisha sekta ya filamu kulipa.

Ripoti ya ajira ya chuo chenyewe isome ukitafuta vitu vitatu: ni asilimia ngapi ya wahitimu walijibu, waliodhaminiwa na waajiri wao wametolewa au wamo, na wanafunzi wa kimataifa wametengwa kwenye safu yao au la. Ripoti inayosema asilimia 95 wana kazi, huku waliojibu ni nusu ya darasa, haijakwambia habari za nusu nyingine.

Chanzo bora kuliko vyote ni wahitimu wenyewe. Fungua ukurasa wa chuo kwenye LinkedIn, nenda sehemu ya wahitimu, chuja kwa nchi yako na fani yako. Idadi utakayoiona tayari ni jibu: ukikuta wahitimu 40 wa programu ile Nairobi, wanajulikana, ukikuta 2, waajiri wa huko hawana wa kukulinganisha naye. Waandikie 8 au 10, watajibu 4. Usiwaulize "ilikuwa na faida?", kwa sababu mtu aliyelipa ghali hujibu ndiyo. Waulize: Nani alikuajiri kwanza, na ilichukua miezi mingapi? Wahitimu wapya kwenye nafasi hiyo wanalipwa kati ya ngapi na ngapi? Wenzako wa darasani waliotoka Afrika na wakakopa wako wapi sasa? Swali hili la tatu ndilo lenye uzito. Mshahara wenyewe usiuulize moja kwa moja. Ukitaja kiwango cha chini na cha juu, mtu hukusahihisha bila kuona amevuliwa.

Kwa fani za afya ya jamii na maendeleo kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Kwa miaka mingi hesabu ya "nitakopa, nitarudi, nitaingia shirika la kimataifa" ilifanya kazi kwa sababu miradi ya Marekani ililipa vizuri. Mwaka 2025 misaada hiyo ilikatwa kwa kiasi kikubwa, na Julai 1 mwaka huo USAID ikaacha kuendesha miradi. Mishahara uliyoisikia 2022 usiichukue kama ya leo. Omba takwimu za walioajiriwa baada ya hapo.

Hatua ya 5: Amua utalipia nchi gani

Hesabu nyingi mbovu zinachanganya deni la dola na mshahara wa dola ambao mtu hajahakikishiwa ruhusa ya kuupata. Baada ya shahada, mwenye F-1 anaweza kuomba miezi 12 ya kazi ya mafunzo ya fani yake. Fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa miezi 24, jumla 36. Baada ya hapo kuna H-1B, viza ya kazi, ambayo kwa waajiri wengi binafsi ni bahati nasibu yenye nafasi 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, 20,000 kati yake zikiwa za wenye uzamili wa Marekani. Uingereza mhitimu wa uzamili amekuwa akipewa miaka 2 ya kutafuta kazi, na serikali imetangaza kuipunguza hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027.

Programu mbili zenye jina lilelile zinaweza kutofautiana hapa. Uzamili wa sera za umma wenye takwimu nyingi, ulioandikishwa kama fani ya sayansi, unaweza kukupa miaka 3 ya kufanya kazi. Wa jirani yake kwenye jengo hilohilo ukakupa mwaka 1. Iulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa namba ya CIP ya programu, yaani namba ya kuainisha fani, na kama iko kwenye orodha ya STEM, ile ya fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni barua pepe ya mistari miwili, na kwa mkopaji ina thamani kuliko nafasi ya chuo kwenye jedwali lolote la ubora.

Msimamo wetu: fanya hesabu kwanza kwa mshahara wa nyumbani. Ikikubali, kazi ya nje itakuwa nyongeza. Ikikataa, unacheza kamari, na ujue hivyo kabla hujaweka fedha mezani.

Hatua ya 6: Pima jina kwa fani

Watafiti wa Marekani Stacy Dale na Alan Krueger walichunguza kwa miaka vyuo teule vya Marekani na kipato cha wahitimu wa shahada ya kwanza, wakakuta kwamba ukilinganisha wanafunzi wenye uwezo na bidii sawa, faida ya jina kwenye kipato hupungua mno, isipokuwa kwa makundi kama wanafunzi weusi na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kwa uzamili, picha inategemea fani.

Ualimu wa chuo kikuu na utafiti: jina lina nguvu nyingi. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 80 ya wahadhiri wa Marekani waliosomea uzamivu humo walitoka kwenye moja ya tano tu ya vyuo. Lakini njia ya huko ni uzamivu, na uzamivu mzuri Marekani hulipiwa na chuo: ada na posho. Ukidahiliwa uzamivu bila ufadhili, ichukulie kama hujadahiliwa. Usikope.

Biashara, ushauri wa menejimenti, benki za uwekezaji, sheria za makampuni makubwa: hapa waajiri huenda kuajiri kwenye vyuo wanavyovichagua, na jina linaweza kulipa deni kweli. Angalia tu kama wanaajiri wanafunzi wa kimataifa, na kama shahada yako ndiyo wanayoitafuta. Wakili Mwafrika anayekwenda kusoma LLM, uzamili wa sheria wa mwaka mmoja, hapati mlango uleule anaopata Mmarekani wa JD, shahada ya kuingilia uwakili ya miaka mitatu, hata kama chuo ni kimoja.

Uuguzi, famasia, uhandisi, uhasibu: leseni na uzoefu vinatangulia. Kwenye utumishi wa umma, Tanzania au Kenya, ngazi ya mshahara hufuata cheo na muundo wa utumishi. Uzamili wa Oxford na wa Dar es Salaam hukaa kwenye mstari mmoja. Kitakachoulizwa ni kama shahada imetambuliwa na tume ya vyuo vikuu, TCU kule Tanzania au CUE kule Kenya, kwa hiyo thibitisha hilo mapema, hasa kwa kozi za mtandaoni za vyuo vyenye majina makubwa.

Sanaa na uandishi: tafuta programu inayokulipia, au usiende kwa mkopo. Shule ya tamthilia ya Yale ilifuta ada mwaka 2021 baada ya kupewa dola milioni 150, kwa hiyo hata vyuo vikubwa kabisa vina njia zisizo na deni.

Hatua ya 7: Hesabu ya tofauti

Hii ndiyo inayoamua. Usilinganishe chuo A na kutosoma kabisa. Kilinganishe na chuo B.

Chuo A kinadai mkopo wa dola 60,000, rejesho 1,067. Chuo B kinadai 10,000 kwa masharti yaleyale, rejesho 178. Tofauti ni dola 889 kwa mwezi. Lakini deni hulipwa kwa fedha ya mkononi baada ya kodi, na kodi ya mshahara kwenye ngazi hizo ni karibu asilimia 30 Kenya na Tanzania. Gawa 889 kwa 0.7 upate 1,270. Kwa hiyo mhitimu wa A anatakiwa apate dola 1,270 zaidi kabla ya makato, kila mwezi, kwa miaka 10, ili tu alingane na mhitimu wa B. Kwa kiwango cha 129 hizo ni karibu shilingi 164,000 za Kenya. Kwa kiwango cha 2,500 ni shilingi 3,175,000 za Tanzania.

Sasa swali lina umbo: ni mwajiri gani, kwa jina, anayelipa kiasi hicho zaidi kwa sababu ya jina la A? Andika majina matatu. Ukiyapata, na yamethibitishwa na wahitimu wa hatua ya 4, endelea. Ukibaki na "jina litanisaidia tu", hesabu imekataa.

Kipimo cha pili ni cha usalama. Rejesho la mkopo wa nje lisizidi asilimia 15 ya mshahara wa mkononi wa nyumbani, na likivuka 20 kataa. Dola 1,067 ni karibu shilingi 137,700 za Kenya, kwa hiyo kwa asilimia 15 unatakiwa uwe na mshahara wa mkononi wa shilingi 918,000. Na usisahau deni la zamani. Mtanzania aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na Mkenya mwenye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya kwao, anadaiwa pia, akichelewa anatozwa faini. Kwenda nje hakufuti madeni hayo. Waandikie kabla hujaondoka mpange utaratibu.

Hatua ya 8: Ongea na chuo kabla ya kukubali

Watu wengi wa kwetu huona haya kuomba nyongeza. Wenzetu huomba. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Vyuo vya Uzamili linalompa mwombaji hadi Aprili 15 kujibu ofa yenye msaada wa fedha bila kubanwa. Kabla ya tarehe hiyo mwandikie mkurugenzi wa programu, nakala kwa ofisi ya misaada ya fedha. Ukurasa mmoja: shukrani, pengo lako kwa dola kamili, ofa ya chuo kingine ukiiambatanisha, na ombi moja mahususi, mfano dola 15,000 zaidi au nafasi ya usaidizi wa utafiti. Taja unahitaji jibu lini. Ukikataliwa, andika tena mwishoni mwa Aprili, kwa sababu waliokataa nafasi zao huacha fedha nyuma.

Omba pia kuahirisha mwaka mmoja, ukiuliza kama ruzuku itakungoja. Mwaka huo unatosha kuomba ufadhili kama Chevening ya Uingereza, inayodai uzoefu wa kazi wa miaka 2 na kukutaka urudi nyumbani miaka 2, ule wa Jumuiya ya Madola, DAAD ya Ujerumani, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambayo hulipa euro 1,400 kwa mwezi, au Fulbright ya Marekani, ambayo nayo ina sharti la kurudi miaka 2 linalozuia mpango wa kubaki Marekani kufanya kazi kwa muda mrefu.

Kwa walioko Marekani wenye ukaazi wa kudumu

Mwenye kadi ya kijani hukopa serikalini kwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, na sheria zimebadilika. Mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa unafunika gharama yote, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Uzamili unabaki na dola 20,500 kwa mwaka, kikomo 100,000. Taaluma kama tiba, sheria na meno dola 50,000 kwa mwaka, kikomo 200,000. Uliza kwa maandishi programu yako iko kundi gani. Pengo la juu ya kikomo litakupeleka kwa mkopeshaji binafsi, na mkopo wake hauna rejesho linalofuata kipato wala msamaha wa miaka 10 kwa watumishi wa umma. Kopa wa serikali mpaka mwisho kabla ya kugusa wa binafsi.

Ukiamua kukopa

Soma mkataba ukitafuta: riba ni ya kudumu au ya kubadilika, lini riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni, kama unaweza kulipa mapema bila faini, na nini kinatokea ukifariki au kupata ulemavu. Angalia ada ya kuanzisha mkopo. Ikiwa ni asilimia 5 na inakatwa juu kwa juu, ili mkononi upate 60,000 unakopa 63,158. Mdhamini anabeba deni zima ukishindwa, siyo nusu. Hati ya kiwanja cha wazazi isiwekwe rehani kwa shahada yoyote, ya chuo chochote. Aliyeshindwa kulipa anaweza kuanza upya, lakini mzazi wa miaka 65 aliyepoteza nyumba hawezi.

Chukua fedha muhula kwa muhula, na kinachozidi kirudishe. Uliza kama kozi za miaka 2 zinaweza kumalizwa kwa mihula mitatu, maana muhula mmoja ukipungua, ada na kodi ya nusu mwaka hupungua pamoja nao. Ukiweza kulipa hata sehemu ya riba ukiwa shuleni, lipa. Kila dola ya riba unayoizuia isijiunge na deni inakuokoa nyingine mbele. Tenga marejesho matatu kwenye akaunti isiyoguswa kabla ya kuhitimu, kwa sababu rejesho la kwanza halisubiri kazi ya kwanza.

Mwisho, kaa na familia uwaonyeshe karatasi yenye rejesho la mwezi kwa shilingi na mwaka litakapoisha. Mtu aliyerudi kutoka Harvard hutegemewa kulipa ada za wadogo zake mwezi wa kwanza wa mshahara. Wakijua mapema kwamba zaidi ya shilingi milioni mbili na laki sita za Tanzania zinaondoka kila mwezi kabla hajanunua unga, mipango ya nyumbani itapangwa kwa hesabu hiyo, na ugomvi mwingi utaepukika.